Swali la Bwana Kando ya Njia

Somo letu: Injili ya Marko 10:46-52



Habari ya Bartimayo mwaijua ninyi nyote, tangu watoto wa shule ya Jumapili hata wazee wa kanisa. Mwakumbuka alivyoketi kando ya njia akiomba sadaka, na alivyopaza sauti yake, na alivyolitupa vazi lake alipoitwa. Walakini liko neno moja katikati ya habari ile ambalo sisi tulilisoma miaka mingi, na kulihubiri pia, pasipo kulitazama vema. Kipofu alipofika mbele ya Bwana, Bwana hakumponya papo hapo. Alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini.

Kwa akili ya kibinadamu swali hilo halina kazi. Mtu huyu ni kipofu, na jambo hilo hata mtoto mdogo angelijua kwa kumtazama. Tena watu wa kumsemea hawakukosekana. Umati ulikuwapo pale, nao ulikuwa umekwisha kumsemea, maana ulimkemea anyamaze. Bwana hakuuuliza umati, wala hakuwauliza wanafunzi wake waliomfuata siku zote. Alimwuliza yule mwenye macho mabovu, kisha akangoja jibu lake.

Ninyi walimu na wainjilisti, kazi yenu ni kuuliza. Katekisimo Ndogo ya Dr. Martin Luther, ya mwaka 1529, imejengwa juu ya maswali na majibu. Lakini fikirini: tunapomwuliza mtoto wa kipaimara, jibu tunalo tayari, nasi twataka tu kusikia kama naye analo. Swali la Bwana njiani Yeriko si la namna hiyo. Kwa swali lile maskini yule alipewa mahali pa kusimama, naye akasema haja yake kwa kinywa chake mwenyewe. Hata siku ile, watu wote waliopita njia ile walidhani kwamba wanajua Bartimayo ataka nini, yaani sarafu.

Twayaandika haya kwa sababu ya vijana wetu wanaojifunza uuguzi. Wengi wao ni watoto wa sharika zetu za Kilosa na Mikumi. Tuliwabatiza, tukawapa kipaimara, na leo twawaona kando ya barabara kuu ya Iringa na masanduku yao wakingoja basi la kuwapeleka chuoni. Mwalimu mmoja wa uuguzi alituita tuje kusema na wanafunzi Wakristo wa chuo chake kabla hawajapelekwa katika wodi ya wagonjwa wa akili, kwa kuwa aliiona hofu machoni pao. Basi tulikwenda, tukawauliza neno moja tu: Je, yafaa mgonjwa wa akili aulizwe habari za matibabu yake mwenyewe, yaani dawa atakayopewa, siku atakayorudi kwao, na mtu atakayemtunza huko nyumbani?

Wote walijibu ndiyo. Walijibu upesi mno, kama watu waliokwisha kuliona swali hilo katika karatasi ya mtihani. Tukakaa kimya kidogo, kisha tukawaomba wasitujibu kama wanavyomjibu mwalimu wao, bali kama wanavyosema jikoni kwa mama zao. Ndipo maneno ya kweli yalipoanza kutoka.

Kijana mmoja akasema, "Baba Mchungaji, mtu akivunjika mguu namwuliza yeye, kwa kuwa akili yake ni nzima. Huyu kilichougua ni akili yenyewe. Sasa nitamwuliza nani?" Wenzake wakacheka, wala si kwa dharau, walicheka kwa kuwa alisema lililokuwamo mioyoni mwao. Binti mmoja akasema kwamba aogopa kumwuliza mgonjwa, maana mgonjwa huenda akakataa dawa, na mkuu wa wodi atamkaripia yeye aliyeuliza. Mwingine akasema kwamba wanaojua habari za mgonjwa ni ndugu zake, basi na waulizwe wao. Wa mwisho, aliyeketi karibu na mlango, alisema kwa sauti ndogo kwamba mjomba wake alikuwa na ugonjwa wa namna hiyo, na kwamba katika miaka yote aliyokaa nao hakuna mtu wa nyumba ile aliyemwuliza neno, hata kama ameshiba.

Hatupendi mtu awacheke vijana hawa. Hoja ya yule wa kwanza ni nzito, nasi tutairudia. Tena na tuifikiri hali yao. Masomo ya stashahada ya uuguzi ni miaka mitatu, na katika miaka hiyo yampasa mwanafunzi kujifunza habari za uzazi, na watoto, na upasuaji, na malaria, na kifua kikuu, na mengine mengi. Katika wodi ya akili hupita majuma machache tu. Hufika pale akiwa na hofu aliyotoka nayo kijijini kwao. Huwakuta wagonjwa ni wengi na wauguzi ni wachache. Humwona mkubwa wake wa kazi akisema na ndugu wa mgonjwa juu ya kichwa cha mgonjwa, kana kwamba mgonjwa ni gunia la mahindi lililoletwa kwenye mizani. Naye kijana hujifunza kwa macho upesi kuliko kwa kitabu.

Lakini hiyo hofu ya kijijini aliipata kwa nani? Hapa, ndugu zangu, yatupasa kujitazama sisi wenyewe, na tutaanza na mwandishi wa maneno haya.

Katika mtaa mmoja ulio kando ya barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi, upande wa Ulaya, tuliitwa kwenda kumwombea mkulima mmoja. (Twasema Ulaya yetu hii ya wilaya ya Kilosa, si ile ya ng'ambo ya bahari. Wageni wakisikia kwamba tumetoka Ulaya asubuhi kwa pikipiki hucheka sana.) Mtu huyo alikuwa akisikia sauti za watu wasioonekana, akitembea usiku, akigombana na majirani ambao hawakumtenda neno. Mara mbili alilazwa hospitalini, mara mbili akarudi nyumbani mwenye utulivu, na mara mbili ugonjwa ukamrudia. Watu wa kijiji walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema amerogwa kwa ajili ya shamba la bondeni, wengine walisema ni pepo, na wengine walisema hospitali imeshindwa.

Tulikwenda pamoja na mwinjilisti na wazee wawili. Tulimkuta ameketi juu ya kigoda chini ya mwembe, naye akatuamkia shikamoo kwa adabu. Tukaitikia, kisha tukamgeukia mama yake, tukamwuliza habari za mwanawe hali mwana mwenyewe yupo pale anasikia. Tukamwuliza kaka yake kama anakula, kama analala, kama anameza dawa. Tukaweka mikono juu ya kichwa chake, tukaomba kwa muda mrefu, tukaimba, tukanywa chai, tukaondoka. Tusiseme uongo: siku ile hatukuona kosa lolote. Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha kwamba tumetimiza kazi ya ukasisi.

Aliyetufumbua macho ni binti wa mtaa ule ule, mwanafunzi wa uuguzi, aliyekuja likizo miezi michache baadaye, wakati mvua za masika zilipokaribia. Alikuwa ametoka katika wodi ya akili, na huko mwalimu wake alimzoesha kuketi na mgonjwa mmoja kila siku robo saa, amsikilize tu. Basi alipokwenda kuwasalimu watu wa nyumba ile, aliketi chini ya mwembe pamoja na yule mkulima, akamwuliza, "Kaka, zile dawa unazionaje?"

Akamwambia. Alisema kwamba dawa zinamtetemesha mikono hata hawezi kushika mpini wa jembe saa nzima. Viungo vyake hukakamaa kama vya mzee. Mate humtoka mbele ya watoto, nao humwiga. Akasema kwamba akimeza dawa yeye ni mtulivu, lakini si mkulima. Na asipomeza hulima vizuri mpaka ugonjwa umrudie. Kwa hiyo kila msimu wa kupanda ulipokaribia aliziacha, na mwaka huu pia alikuwa amekwisha kuanza kuvificha vidonge chini ya ulimi na kuvitema nyuma ya nyumba.

Tazameni, ndugu, jinsi jambo lilivyokuwa wazi. Mara zote mbili alizougua tena, aliugua baada ya kupanda. Mwenye kalenda ukutani angaliweza kuliona. Huo haukuwa wazimu. Ni hesabu ya mtu mwenye shamba na watoto, anayepima hasara mbili na kuchagua ile inayokuja baadaye. Mkulima mwenye akili timamu angeweza kufanya hesabu ile ile.

Yafaa kusema hapa kidogo habari za dawa hizi. Dawa ya kwanza ya namna hii ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, na tangu hapo dawa hizi zimewafungua wengi waliokuwa wakifungwa kwa kamba na minyororo. Tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini dawa zile za kale, ambazo ndizo zinazopatikana kwa urahisi katika nchi yetu, huwaletea watu wengi kutetemeka na ukakamavu, na matabibu walilijua jambo hilo tangu mapema. Wanajua pia la kufanya, maana kiasi cha dawa chaweza kupunguzwa, au kikaongezwa kidonge kingine cha kuzuia kutetemeka, au dawa ikabadilishwa. Binti yule alikwisha kusoma haya. Akamwambia mkulima kwamba kutetemeka kwake kunajulikana, hakukuletwa na uchawi wala si kukosa nguvu, tena kuna msaada. Siku ya kliniki akafuatana naye. Tabibu akamsikiliza, akapunguza dawa, akampa na kidonge cha pili.

Hakuna aliyemdanganya mtu yule katika miaka ile yote, wala hakuna aliyemnyima dawa. Hakuulizwa tu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, binti huyo alitusimulia habari hii mlangoni pa kanisa. Kisha, bila nia mbaya, akatuuliza, "Na ninyi, Baba Mchungaji, mlipokwenda kumwombea, aliwaambia nini?" Tulikosa jibu. Tulijaribu kukumbuka sauti ya mtu yule, tukaikumbuka ile shikamoo tu. Tulikuwa tumefanya kama umati wa Yeriko, ila sisi tulimnyamazisha kwa nyimbo.

Sasa tuirudie hoja ya yule kijana: nitamwuliza nani, ikiwa akili yenyewe ndiyo iliyougua? Mtu akisema hivi hufikiri kwamba ugonjwa wa akili huingia kama giza la usiku, likafunika kila kitu. Wanaokaa na wagonjwa hawa wajua kwamba sivyo ilivyo. Ni afadhali kusema kwamba ni kama nyumba inayovuja chumba kimoja. Mtu aweza kuamini kabisa kwamba jirani anamsikiliza kupitia mabati, na wakati huo huo akajua barabara kwamba ana njaa, kwamba dawa inamkausha kinywa, kwamba apenda kutunzwa na dada yake kuliko kaka yake, na kwamba muuguzi wa zamu ya usiku humsukuma. Ukiacha kumwuliza kwa sababu ya lile la kwanza, hutayajua haya mengine. Tena ugonjwa huu kwa wengi huja na kwenda. Katika siku za utulivu, mgonjwa aweza kusema apendavyo kutendewa siku za msukosuko zitakaporudi: ni nani aitwe, ni maneno gani humtuliza, ni mambo gani humzidishia hofu. Hayo muuguzi na ayaandike, maana siku ya msukosuko ikija, karatasi ile itasema badala ya mgonjwa.

Lakini mtasema, je, akiwa amekamata panga? Hapo hatuulizi mengi, twaokoa watu kwanza. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 yaruhusu mtu kupelekwa hospitalini bila hiari yake akiwa katika hali ya namna hiyo, nasi hatuoni kwamba sheria imekosea. Walakini mwangalieni Bwana katika sura ya tano ya Marko. Yule mtu wa makaburini alikuwa akivunja pingu na kujikatakata kwa mawe, hapakuwa na mgonjwa mkali kuliko huyo. Naye Bwana, hata kabla mtu yule hajatulia, alimwuliza jina. Tena baadaye, mtu yule alipokuwa ameketi, amevaa nguo, akili zake zimemrudia, aliomba afuatane na Yesu, na Yesu hakumkubalia. Alimtuma arudi kwao akawahubiri watu wake. Twapenda wanafunzi wetu wauguzi walishike jambo hili: kumwuliza mgonjwa si kumpa kila alitakalo. Bartimayo aliomba akapewa. Mtu wa makaburini aliomba akanyimwa. Lakini wote wawili walisikilizwa, na yule aliyenyimwa alipewa kazi ya kufanya.

Katika utunzaji wa wagonjwa hawa kanisa la Kilutheri si geni. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, ilijengwa mwaka 1896 nyumba ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na watumishi wake walitoka Bethel, Ujerumani. Mwaka 1904 nyumba ile ilianza kupokea wagonjwa wa akili, nayo yaendelea na kazi hiyo mpaka leo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Hospitali ya Serikali ya Mirembe, Dodoma, ilifuata mwaka 1927. Na mkoa wetu wa Morogoro, pamoja na Kilimanjaro, ulichaguliwa katika miaka ya 1980 uwe mahali pa kujaribia mpango wa Taifa wa kufikisha matibabu ya akili mpaka kwenye zahanati za vijijini, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na nchi ya Denmark. Basi dawa ilisogezwa karibu. Mkulima wetu wa Ulaya hakuhitaji kusafiri mpaka Dodoma ili apate vidonge vyake. Hata hivyo vidonge vilifika kwake miaka kadhaa kabla ya swali.

Tumeitaja Bethel, na hatuwezi kuitaja tukanyamaza juu ya lililotokea katika nchi ile. Katika miaka ya 1940 na 1941, serikali ya Hitler iliua wagonjwa wa akili na walemavu zaidi ya 70,000. Namna yake ilikuwa hii: hospitali zilitumiwa karatasi za kujaza habari za kila mgonjwa, na waganga waliokaa mbali walitia alama juu ya karatasi, huyu afe, huyu aishi, pasipo kumwona mgonjwa wala kusikia sauti yake. Mkuu wa Bethel, mchungaji Friedrich von Bodelschwingh mdogo, alikataa karatasi hizo zijazwe kwake. Lakini mahali pengi zilijazwa, na wauguzi waliwavika wagonjwa nguo za safari, wakawapandisha katika mabasi. Hatusemi kwamba mwanafunzi asiyemwuliza mgonjwa wake ni kama watu wale, hasha. Twasema tu kwamba wale wauguzi nao walifundishwa kazi yao vema, walijua kupima joto na kutandika vitanda, na njia waliyoipitia ilianza pale mgonjwa alipogeuka kuwa karatasi.

Sauti ya wagonjwa wenyewe ilianza kusikiwa kwa taratibu. Huko Marekani, Clifford Beers, kijana aliyesoma katika chuo cha Yale, alikaa hospitali za wazimu tangu mwaka 1900 hata 1903, akapigwa na kufungwa huko. Mwaka 1908 alichapisha kitabu juu ya aliyoyaona, na kwa kitabu hicho chama cha kutengeneza mambo ya wagonjwa wa akili kikaanzishwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, wawahesabu pia wenye maradhi ya akili ya muda mrefu, na nchi yetu iliuthibitisha mwaka 2009. Katika Australia, vyuo vingine vya wauguzi vimekwenda mbali zaidi, vikaweka mwalimu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwa mgonjwa wa akili. Brenda Happell, profesa wa uuguzi, pamoja na wenzake, waliwapima wanafunzi kabla na baada ya mafundisho hayo, wakaona kwamba mioyo ya wanafunzi ilielekea zaidi kukubali kwamba mgonjwa ashirikishwe katika matibabu yake.

Jambo hili la Australia tulimsimulia mwalimu yule aliyetualika. Akasema kwamba lampendeza, lakini hajui ni nani atakayekubali kusimama mbele ya darasa na kusema kwamba aliwahi kuwa mwenda wazimu. Tulimjibu kwamba sisi pia hatujui, kwa kuwa hatujawauliza.

Nanyi walimu na wainjilisti, msidhani kwamba haya ni ya wenye mavazi meupe peke yao. Muuguzi humwona mgonjwa majuma machache. Ninyi mnakaa naye mwaka mzima. Mkienda kumtembelea, msalimuni yeye kwanza, kwa jina lake. Kabla ya kuomba, mwulizeni anataka kuombewa nini, na mkae kimya muda wa kutosha, maana dawa na ugonjwa wenyewe hufanya maneno yatoke polepole. Na tafadhalini, mtu asithubutu kumwambia mgonjwa atupe dawa kwa kuwa ameombewa. Tumewaona waliofanya hivyo katika wilaya hii, wengine wakiwa na Biblia mkononi, na tumewaona wagonjwa wao wamefungwa kamba miezi miwili baadaye. Mgonjwa akilalamika juu ya dawa, msimkemee wala msimshangilie. Fuataneni naye mpaka kliniki, mketi pembeni, mmwache aseme mwenyewe. Akishindwa, ndipo mmsaidie.

Kwa wazazi wa wanafunzi hawa tuna neno fupi: mtoto akirudi likizo, msimwulize tu kama wenda wazimu wa hospitalini ni wakali. Mwulizeni mmoja wao alimwambia nini.

Baada ya mazungumzo yale ya mlangoni pa kanisa, tulirudi tena kwa mkulima wetu. Safari hii hatukuwachukua wazee. Tulikwenda na mwinjilisti peke yake. Masika yalikuwa yameanza, na barabara ilikuwa tope tupu. Tulimkuta chini ya mwembe ule ule. Mikono yake bado ilitetemeka kidogo, lakini alishika kikombe cha chai bila kumwaga. Tulimwomba radhi kwa ile mara ya kwanza. Akasema kwamba hakukasirika, kwa kuwa alizoea. Neno hilo la kuzoea lilituchoma kuliko kama angekasirika.

Kisha tukamwuliza, mbele ya mama yake na kaka yake, anataka tumwombee nini. Alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu hata mwinjilisti akafungua kinywa amjibie, nasi tukamgusa mkono asiseme. Mwishowe akasema, "Nataka jembe langu."

Hatukuelewa. Kaka yake akatazama chini. Ndipo mama alipotueleza kwamba tangu alipougua mara ya pili waliuficha jembe na panga lake kwa ajili ya hofu, na kwamba walikusudia kumwambia, lakini hawakupata siku. Yeye alikuwa amejua tangu zamani vilipo vyombo vyake, chini ya kitanda cha kaka yake, na hakuwahi kuviomba.

Kaka akainuka, akaingia ndani, akatoka na jembe. Lilikuwa limeshika kutu, na mpini umelegea. Mkulima akalipokea, akaligonga juu ya jiwe mara tatu ili mpini ukaze, akaliegemeza kwenye mwembe. Habari ya panga walizungumza wenyewe, sisi tukisikiliza tu. Kaka alitaka likae kwake. Mama alinyamaza. Mkulima akasema na likae kwa kaka mpaka baada ya mavuno, naye atakapolihitaji kwa kufyeka ataliomba asubuhi na kulirudisha jioni. Wakakubaliana hivyo. Kisha tukaomba, nasi hatukukawia, kwa kuwa mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Mikumi, naye alitaka kwenda bondeni kabla ya mvua.